Umevuka Mstari Kabla ya Honi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Adhabu za Kuanza Mbio za Matanga

Mkimbiaji wa mita 100 akichomoka kabla ya bunduki, siku yake imekwisha. Nahodha wa mashua ya matanga akichomoka kabla ya honi, mara nyingi anaruhusiwa kugeuka, kurudi nyuma ya mstari, kuvuka upya na kuendelea na mbio kama wenzake. Nasema mara nyingi kwa sababu mlango huo wa kurudi huwa wazi kabisa siku nyingine, siku nyingine umerudishwa nusu, na siku nyingine umefungwa na ufunguo umetupwa baharini. Anayeamua ni kamati ya mbio, nayo hutangaza uamuzi wake kwa bendera moja inayopandishwa dakika 4 kabla ya kuanza.

Kanuni ninazozieleza hapa ni za World Sailing, shirikisho la kimataifa la mchezo huu. Kitabu chake hufanyiwa marekebisho kila baada ya miaka 4, na toleo linalotumika sasa ni la 2025 hadi 2028. Klabu yenye mashua sita na Olimpiki hufuata kitabu hichohicho.

Kwa nini mashua zisisimame tu kwenye mstari zikasubiri honi?

Kwa sababu mashua haina breki. Mstari wenyewe hauonekani: ni mstari wa kufikirika kutoka kwenye mlingoti au nguzo ya boti ya kamati hadi kwenye boya la upande wa pili. Kila nahodha anazungukazunguka nyuma yake akitafuta nafasi, na anataka honi ilie omo yake, yaani ncha ya mbele ya mashua, ikiwa sentimita chache tu nyuma ya mstari, tanga limejaa upepo, mashua iko kwenye mwendo kamili. Ukisimama pale ukisubiri, aliyekuja na mwendo atakupita kama umetia nanga.

Sasa piga hesabu. Mashua ndogo ya mtu mmoja aina ya ILCA, ile iliyojulikana miaka mingi kwa jina la Laser, ina urefu wa mita 4.2 hivi. Ikienda joshi, yaani kuelekea upepo unakotoka, kwa fundo nne na nusu inakata zaidi ya mita 2 kila sekunde. Ukikosea sekunde moja tu, nusu ya mashua iko upande usiotakiwa. Ongeza mkondo wa maji unaokusukuma mbele polepole wakati wewe unaangalia saa, ongeza na majirani arobaini wanaokubana kulia na kushoto. Ndiyo maana kuvuka mapema ni kosa la kawaida mno hata kwa mabingwa, na ndiyo maana kanuni hazikulifanya dhambi kubwa tangu mwanzo.

Zile dakika 5 zinahesabiwaje?

Dakika ya 5: bendera ya daraja la mashua, yaani ya aina ya mashua zinazoshindana, inapanda, honi moja. Hiyo ni ishara ya tahadhari. Dakika ya 4: inapanda bendera ya maandalizi, honi moja. Kuanzia hapo unahesabiwa kuwa mashindanoni, na ukimgonga mtu ni kosa la mbio. Dakika ya 1: bendera ya maandalizi inashuka, honi moja ndefu. Sifuri: bendera ya daraja inashuka, honi moja, mbio zimeanza.

Saa ya kamati ni bendera. Honi ikikwama au ikichelewa, jicho ndilo linaloamua. Nimewaona wageni wakiweka saa zao kwa sauti, na sauti inafika kwa aliye mbali ikiwa imechelewa; sekunde hiyo moja tumeshaona thamani yake.

Ile bendera ya dakika ya 4 ndiyo ya kuitazama kuliko zote. Inaweza kuwa P, I, Z, Z pamoja na I, U (herufi hizi ni majina ya bendera) au nyeusi. Mengi yaliyobaki katika ukurasa huu yanatoka ndani yake.

Ni sehemu gani ya mashua inayohesabiwa kuvuka?

Ubao wa mashua wenyewe, yaani mwili wake. Hadi 2020 hata mkono wa baharia au ncha ya mlingoti wa maji, ule unaochomoza mbele ya omo, ikipita mstari ilihesabiwa. Kuanzia toleo la 2021 wakabakiza mwili wa mashua tu. Mabadiliko mazuri, kwa maoni yangu: aliyekaa kwenye boti ya kamati anahangaika kuona omo arobaini kwa wakati mmoja, na kumtaka aone vidole pia ilikuwa kumwonea.

Bendera ni P, nami nimevuka mapema. Nifanye nini?

Rudi, basi. P, ile ya buluu yenye mraba mweupe katikati, ni bendera ya siku za kawaida na mlango wake uko wazi kabisa. Chini ya P unaweza hata kuwa umekaa upande wa mbele zikiwa zimebaki sekunde 30. Hakuna anayekuuliza, mradi honi ya kuanza ikilia mwili wote wa mashua uwe nyuma ya mstari.

Ikiwa honi imelia nawe uko mbele, kamati inapandisha bendera X, nyeupe yenye msalaba wa buluu, na kupiga honi moja. Maana yake: kuna mtu, au watu wachache, waliovuka mapema. Unageuza, unarudi mpaka mwili wote wa mashua uwe nyuma ya mstari au nyuma ya mwendelezo wake pembeni ya boya au boti, halafu unavuka tena. Si lazima uzunguke ncha ya mstari. Popote utakapopata nafasi ya kuchovya, chovya. Hasara yako ni muda, na pengine upepo safi kwa sababu wenzako wote sasa wako mbele yako. Adhabu ya alama hupewi.

Kuna sharti moja ambalo wengi hulisahau wakiwa na haraka. Tangu uanze kurudi kuelekea mstari, wewe ndiye wa kumpisha kila mtu anayekwenda mbele, hata kama kwa kawaida ungekuwa na haki ya njia. Haki yako inarudi mwili wote wa mashua ukishakuwa nyuma ya mstari. Kwa hiyo usigeuze ghafla katikati ya kundi. Punguza mwendo, wapite, kisha geuza.

X inabaki juu kwa muda gani?

Mpaka wote waliovuka wawe wamerudi. Wasiporudi, inashushwa dakika 4 baada ya honi ya kuanza, au dakika 1 kabla ya honi ya kuanza ya kundi linalofuata, lolote litakalotangulia. Ukiiona inashuka upesi, usishangilie bado. Huenda jirani yako ndiye aliyerudi na yeye ndiye aliyekuwa peke yake kwenye orodha. Huenda pia muda umekwisha tu, na wewe unakimbia mbio ambazo kitabu kinasema hujazianza.

Sikusikia honi ya X. Je, nina kesi?

Hapa ndipo watu wanapochanganya mambo mawili, na inafaa tukae kidogo.

Kwa zile ishara za kuhesabu dakika, honi isiposikika hupati kitu. Bendera ndiyo saa. Lakini ishara ya kumrudisha aliyevuka ni bendera pamoja na sauti, na zote mbili zinatakiwa zije upesi. Sababu ni rahisi: wewe uko mbele ya boti ya kamati, mgongo umeielekea, macho yako yako kwenye tanga. Bendera peke yake utaionaje? Kwa hiyo kamati ikipandisha X bila honi, au ikachelewa mno kuipandisha, kisha ikakuandika kuwa hukuanza, unaweza kuomba nafuu mbele ya jopo la mapingamizi, na jopo linaweza kukurudishia alama zako.

Ila nafuu hiyo ni ya asiyejua. Kama ulikuwa unajua kwamba umevuka, au ulikuwa na kila sababu ya kujua, halafu ukaendelea kwa matumaini kwamba hawakukuona, kukosekana kwa honi hakukuokoi. Jopo litakuuliza ulikuwa wapi, jirani yako alikuwa wapi, ulitazama nyuma au la. Aliyeshuhudiwa akigeuza kichwa mara tatu kutafuta bendera ana kazi ngumu ya kueleza kwamba hakuwa na wasiwasi.

Na kuitwa kwa namba kwenye redio? Ni hisani, isipokuwa maelekezo ya mashindano hayo yameahidi hivyo. Yasome kabla ya kuondoka ufukweni.

Tukivuka wengi kwa pamoja?

Kamati ikishindwa kuwatambua wote waliovuka, inaita kundi zima lirudi: bendera ya pembetatu ya njano yenye ukingo wa buluu, honi mbili. Hakuna aliyekosa, hakuna aliyefaulu, mnaanza upya. Bendera hiyo ikishushwa kwa honi moja, dakika 1 baadaye ishara ya tahadhari inapigwa tena.

Shida inaanzia hapo. Ukijua kwamba wengi wakivuka pamoja mbio zitarudiwa, kwa nini usisogee? Jirani akisogea nawe unasogea, maana ukibaki nyuma utafunikwa upepo. Kundi zima linajongea mbele kama foleni ya daladala, mbio zinarudishwa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na jua linazama. Ndipo kamati inapoanza kubadilisha bendera ya maandalizi.

Bendera I inabadilisha nini?

I ni ya njano yenye duara jeusi. Inafunga mlango nusu. Katika dakika ya mwisho, sehemu yoyote ya mwili wa mashua ikiwa upande wa mbele wa mstari, au wa mwendelezo wake, hutaruhusiwa tena kuchovya katikati. Lazima uzunguke ncha moja, ya boya au ya boti ya kamati, ndipo uanze. Ukivuka mapema zikiwa zimebaki sekunde 50, unaweza kuwahi kuzunguka na kuanza na wenzako. Ukivuka zikiwa zimebaki 3 nawe uko katikati ya mstari mrefu, safari ya kwenda nchani na kurudi itakugharimu mbio nzima.

Mimi naipenda I. Inaadhibu bila kuua, na inawazuia watu kupiga mbizi kinyumenyume kwenye kundi linalokuja kwa mwendo, jambo ambalo limevunja mbao za wengi.

Na Z?

Z ina pembetatu nne zinazokutana katikati: njano, buluu, nyekundu na nyeusi. Yenyewe inaacha mlango wazi lakini inatoza kiingilio. Ukionekana katika dakika ya mwisho ndani ya pembetatu inayoundwa na ncha mbili za mstari na boya la kwanza la njia, unaongezewa asilimia 20 ya alama za asiyemaliza, bila kusikilizwa.

Tuseme walioandikishwa ni 40. Asiyemaliza anapata alama 41, na katika mchezo huu alama nyingi ni mbaya. Asilimia 20 ya 41 ni 8.2, inakuwa 8. Ukimaliza wa 5, badala ya alama 5 utaandikiwa 13. Wa 6 anabaki na 6 zake. Hakuna anayepandishwa kwa sababu wewe umeshushwa. Mbio zikirudishwa adhabu inakufuata, na ukinaswa tena kwenye jaribio la pili la mbio hizohizo zinaongezwa 8 nyingine. Hata hivyo jumla haitazidi alama za asiyemaliza. Siku hizi Z haionekani sana. Hesabu zake zinawachosha wote, waandaaji na wachezaji.

U na nyeusi zinatofautiana wapi? Zote si kuondolewa?

Zote ni kuondolewa, bila kusikilizwa, kwa aliyeonekana ndani ya pembetatu ileile katika dakika ya mwisho. Tofauti inaonekana mbio zikirudishwa.

Chini ya U, yenye miraba minne ya nyekundu na nyeupe, umeondolewa katika jaribio lile tu. Mbio zikiitwa zirudiwe, umesamehewa, unaanza na wenzako. Mlango umefungwa lakini aliyeufunga bado ameshika ufunguo. Bendera hii iliingia kwenye kitabu kikuu mwaka 2017 na ikapendwa haraka, kwa sababu inawatia watu woga wa kutosha bila kumtoa mtu kwenye mbio ambazo hata hazikufanyika.

Nyeusi haina msamaha huo. Ukinaswa, umeondolewa hata mbio zikianza upya au zikirudiwa siku nyingine. Kabla ya ishara ya tahadhari inayofuata, kamati inaonyesha namba ya tanga lako ubaoni, nawe unatakiwa ukae kando na kuwatazama wenzako. Ukijitia hujaona ukashindana, kuondolewa kwako kunakuwa kule kusikofutika: katika mashindano ya mbio nyingi kila mtu huruhusiwa kutupa matokeo yake mabaya zaidi, lakini hayo hutayatupa. Kinga moja ipo. Kamati ikiahirisha mbio, yaani ile bendera ya mistari myekundu na myeupe ikapanda, au ikizivunja kabla ya honi ya kuanza, hesabu za dakika ile ya mwisho zimefutwa.

Jambo moja linalowashangaza wageni: chini ya U na nyeusi hakuna bendera X. Hakuna wa kukurudisha kwa sababu kurudi hakusaidii. Unaweza kukimbia mbio nzima kwa furaha, ukamaliza wa pili, ukakuta kwenye karatasi ya matokeo umeandikiwa 41. Baadhi ya mashindano huweka boti kwenye boya la kwanza ikiwa na ubao wa namba za walioondolewa, ili wasiendelee kuwabana wenzao, lakini hilo hutegemea maelekezo yaliyotolewa.

Kwa hiyo kati ya adhabu hizi, ipi ni nzito zaidi kwa alama?

Hili swali lina jibu la ajabu kidogo. Ukivuka mapema chini ya P usirudi, unapata 41 katika mfano wetu. Chini ya I usipozunguka ncha, 41. U, 41. Nyeusi, 41. Kwenye karatasi bei ni moja, Z tu ndiyo imejitenga. Bendera inapozidi kuwa kali kinachopungua ni nafasi yako ya kurekebisha. Anayesema "leo ni nyeusi, adhabu ni kubwa" hajakosea sana, ila angesema vizuri zaidi kwamba leo hakuna njia ya kurudi.

Nikiwa pembeni ya mstari, mbele kidogo lakini nje ya pembetatu?

Chini ya Z, U na nyeusi, pembetatu ndiyo inayohesabika. Ukiwa mbele ya mwendelezo wa mstari, nje ya boya, hujaingia. Chini ya I umekosa, kwa sababu I inahesabu pia mwendelezo. Ni tofauti ndogo ambayo huwasahaulisha hata waliosoma, na inaleta maana ukikumbuka lengo la kila moja. Pembetatu inalinda eneo ambalo kundi litapita. I inataka tu ujue uko upande gani.

Je, adhabu inaweza kugeuzwa silaha?

Savannah, 1996, mbio za matanga za Olimpiki ya Atlanta. Laser ilikuwa imeingia Olimpiki kwa mara ya kwanza. Mbio ya mwisho ilipofika, Robert Scheidt wa Brazil alikuwa mbele kwa alama, na Ben Ainslie wa Uingereza, kijana wa miaka 19, ndiye aliyebaki wa kumnyang'anya dhahabu. Bendera ilikuwa nyeusi. Wote wawili walivuka mapema, wote wakaondolewa. Piga hesabu mwenyewe: watu wawili wakipata adhabu sawa, aliyekuwa mbele anabaki mbele. Scheidt dhahabu, Ainslie fedha.

Miaka 4 baadaye, Sydney, Ainslie alimganda Scheidt katika mbio ya mwisho mpaka Mbrazili akapoteza nafasi, na dhahabu ikahama. Mabaharia wanapokaa kusimuliana habari za bendera nyeusi, hadithi ya Savannah haikosekani, na kila msimulizi ana maoni yake kuhusu nani alimtega nani. Ninachoona mimi ni kwamba aliye mbele kwa pengo kubwa anaweza kuucheza mstari kwa ujasiri ambao mwenzake hawezi kuumudu.

Nimemgonga mwenzangu kabla ya honi. Mbio hazijaanza, kuna kosa?

Lipo. Kanuni za nani ampishe nani zinafanya kazi, na tangu ishara ya dakika ya 4 unaweza kuadhibiwa kwa kuzivunja. Mwenye upepo unaoingia ubavu wa kulia ana haki juu ya mwenye upepo wa kushoto. Wawili wakiwa na upepo wa ubavu mmoja na wamepandana, aliye joshini, upande upepo unakotoka, humpisha aliye upande wa demani, upepo unakoelekea.

Kosa kubwa la pale mstarini linafanyika jirani na boti ya kamati. Mtu anakuja kutoka juu, yaani joshini, anataka kujichomeka kati ya boti ile na mashua iliyo chini yake, na anapiga kelele "nafasi! nafasi!" kana kwamba yuko kwenye boya la njiani. Hana nafasi ya kudai. Kwenye boya au boti ya kuanzia iliyozungukwa na maji, kanuni ya kupeana nafasi haifanyi kazi kwa wanaokaribia kuanza. Aliye chini anaweza kumfungia, mradi asigeuze ghafla mno mpaka mwenzake akakosa hata muda wa kukwepa.

Ukikosa, unajilipia mwenyewe papo hapo: jitenge na wenzako, zunguka mara mbili mfululizo, ukibisha (omo ikipita kwenye upepo) mara mbili na kugeuza kwa nyuma (tezi ikipita kwenye upepo) mara mbili. Ukigusa boya la kuanzia au boti ya kamati, mzunguko mmoja unatosha. Huna haja ya kusubiri honi. Aliyekosa zikiwa zimebaki dakika 2 akazunguka papo hapo amelipa kwa bei nafuu kuliko wote.

Na kutikisa mashua ili ichomoke?

Kuyumbisha mwili, kupigapiga tanga kama bawa au kukata maji kwa usukani ili upate mwendo ni marufuku. Kwenye mashindano makubwa kuna waamuzi majini: bendera ya njano, filimbi, namba yako inaitwa. Mara ya kwanza mizunguko miwili. Mara ya pili katika mashindano hayohayo, unatoka kwenye mbio.

Herufi kwenye karatasi ya matokeo zinamaanisha nini?

OCS ulikuwa upande wa mbele honi ilipolia na hukurudi, au ulivunja kanuni ya I. ZFP umeongezewa asilimia 20. UFD umeondolewa chini ya U, BFD chini ya nyeusi. DNS hukuanza, DNC hukufika kabisa eneo la kuanzia. DNE ndiyo ile isiyofutika. RDG ni nafuu uliyopewa na jopo.

Kamati inaonaje mstari usioonekana? Naweza kubishana nayo?

Mtu mmoja anakaa pale pale mstari unapoanzia, jicho lake limepanga nguzo ya boti na boya, anataja namba za matanga kwenye kinasa sauti kadiri zinavyovuka. Mara nyingi yupo mwingine upande wa boya, naye ana kinasa chake. Zikilingana namba zao, wewe na ushahidi wa picha kutoka kwenye mashua ya rafiki yako mna kibarua kigumu. Picha iliyopigwa nje ya mstari, hata kwa hatua chache, inadanganya kwa sababu ya pembe.

Unaweza kuomba nafuu ukiamini wamekosea namba, na hutokea: 7 na 1 zikiwa zimelowa zinafanana. Lete jambo la kuonekana, kwa mfano jirani aliyekuwa mbele yako ambaye hakuandikwa. "Nina uhakika sikuvuka" si ushahidi, na aliyekaa na karatasi za kamati atakwambia kwamba karibu kila aliyevuka alikuwa na uhakika.

Mbio za ngalawa na majahazi za pwani yetu zinafuata haya?

Kitabu hiki kinatumika pale tu waandaaji wanapotangaza kwamba kinatumika. Klabu za matanga za Mombasa, Dar es Salaam na Ziwa Victoria ziko katika ulimwengu huo. Mbio za vyombo vya asili hupangwa kwa makubaliano ya waandaaji na manahodha, na nahodha mgeni afanye vyema kuuliza kabla ya kutweka.

Nifanyeje nisivuke mapema, lakini nisibaki nyuma pia?

Tafuta alama ya nchi kavu. Kabla ya dakika ya 5, simama nje ya ncha moja ya mstari, panga boya na boti ya kamati katika mstari mmoja, na angalia nyuma yake kwenye nchi kavu kuna nini: mnara wa simu, pembe ya jengo, mnazi uliojitenga. Ukiwa katikati ya kundi, boya likikaa sawa na kitu kile, pale ulipokaa ndipo penye mstari, kwa hiyo omo iliyo mbele yako imeshauvuka. Wavuvi wa pwani wanaopanga minara miwili ili waujue mwamba wao watashangaa kwamba hili linahitaji kufundishwa.

Bila alama hiyo, macho yatakudanganya, na mara nyingi yatakudanganya kwa upande wa woga. Walio karibu na ncha wanauona mstari vizuri. Walio katikati wanaogopa, wanarudi nyuma kidogo, jirani naye anarudi, na mstari unalegea katikati kama kamba ya nguo. Mwenye mnazi wake anaweza kujichomoa mbele ya kundi hilo kwa urefu mzima wa mashua na bado akawa halali. Walio karibu naye watapiga kelele kwamba amevuka. Yeye atazame mnazi wake tu, na aliyekaa na kinasa sauti hatataja namba yake.